Bosi anamsumbua binti wa fildi, na mimi alishanifanyia hivyohivyo. Niseme?

Shikamoo Anti,

Naomba usitaje jina langu wala kazi tunayofanya, ofisi yetu ni ndogo na watu wakisoma wataunganisha fasta. Hii barua nimeiandika nikafuta nikaandika tena kwa hiyo kama imekaa vurugu nivumilie.

Nina miaka 31, nimeolewa, watoto wawili. Niko kwenye hii ofisi tangu nilipomaliza chuo, kazi naipenda na naiweza. Bosi wa idara yetu ni mtu anayeheshimika sana, mcheshi, ukifiwa wa kwanza kufika ni yeye, watoto wetu anawajua kwa majina, ukiomba ruhusa anakupa bila maneno mengi. Ukimwambia mtu wa nje kwamba huyu baba ana upande mwingine atakuona mchonganishi.

Mwaka wangu wa kwanza pale alinisumbua. Ilianza na kusifia nguo, zikaja meseji za usiku, mara "umelala?", mara "mbona leo umeninunia", baadae akawa ananibakiza wengine wakiondoka eti tumalize ripoti, na akipita nyuma yangu lazima mkono uguse kiuno. Siku moja alifunga mlango akanishika. Niliganda Anti. Sikupiga kelele, sikumsukuma, sikufanya chochote, simu yake ikaita ndo nikapata upenyo wa kutoka. Nikaenda kwa dada wa HR nikamweleza yote kwa mdomo, akaniambia huyo mzee ndo utani wake, we punguza kucheka naye, vaa kawaida, na mkataba wako bado wa majaribio usije ukajiharibia. Basi. Hakuandika popote. Nikaanza kutafuta mbinu zangu mwenyewe, siendi ofisini kwake bila mtu, meseji sijibu, nikasema nina mchumba, pole pole akaniacha. Miaka ikapita, hata cheo alinipandisha, nikasema moyoni yameisha.

Sasa mwaka huu tumeletewa binti wa fildi kutoka chuo, miaka 21, nikapangiwa kumfundisha mimi. Mchapakazi kwelikweli, ukimwelekeza mara moja kashika. Alafu nikaona ameanza kubadilika, anakuja na sweta zito jua linawaka, akiitwa na bosi anabeba faili limembana kifuani, jioni anaulizia nani anabaki ili aondoke naye. Hizo mbinu nazijua Anti, zote nilizitumia. Siku moja tunafunga ofisi nikamuuliza kulikoni, akalia. Meseji zilezile. "Umelala?" neno kwa neno. Kamwambia logibuku na fomu ya tathmini anasaini yeye, na kwamba kuna nafasi ya ajira itatoka ila itategemea na ukaribu wao. Mwisho wa mwezi kuna semina nje ya mji, amesema anaenda naye, wawili tu.

Nikamwambia twende tukaseme. Akaniapisha nisiseme kwa mtu yeyote. Anasema nyumbani wamejinyima sana kumsomesha, fildi ikifeli anarudia mwaka, na baba yake akisikia atasema yeye ndo alijirahisisha. Akaniambia dada ukisema mimi nitakataa, nitasema umetunga.

Na mimi mkataba wangu unaisha miezi michache ijayo na anayependekeza uongezwe au la ni huyohuyo. Mume wangu hajui yaliyonipata zamani, nimemweleza la binti tu, akasema hilo si lako, ana wazazi wake, wewe una watoto wa kulisha. Rafiki yangu pale kazini naye kasema "huyo binti mwenyewe anamchekea, nimemwona kwa macho yangu". Na ni kweli anamchekea. Ila hata mimi nilimchekea.

Kinachonitesa zaidi, ushahidi sina, meseji zangu za zamani zilipotea na simu. Na huyu mtu kanipandisha cheo, leo nikimgeuka si nitaonekana nalipiza kisasi au kuna kitu nilinyimwa? Nikisema bila ruhusa ya binti nimemsaliti. Nikinyamaza semina inafika. Nikiandika barua bila jina watajua ni mimi kwa sababu anayekaa na binti kutwa ni mimi. Usiku silali. Nifanyeje Anti?

Mama wa wawili

*

Marahaba mwanangu, na pole. Pole ya huyo binti uliyembeba moyoni, na pole yako wewe pia, maana ninavyoona ile ya kwako hakuna aliyewahi kukupa.

Kabla hatujaenda mbali kuna jambo nataka tuliweke sawa. Unaandika kama vile ndo mara ya kwanza unatakiwa kuchagua kusema au kunyamaza. Mwanangu, wewe ulisema. Ulikuwa mgeni, mkataba wa majaribio, ukatoka kwenye kile chumba ukaenda moja kwa moja kwa mtu ambaye analipwa kupokea malalamiko kama hayo, ukamweleza. Aliyenyamaza ni ofisi. Kwa hiyo unapojiuliza kama una ujasiri, ujue unamuuliza hilo swali mtu ambaye alishajibu, na sehemu ya hofu yako ya leo inatokana na jibu ulilopewa siku ile. Hauko peke yako kwenye hilo. Shirika la Kazi Duniani lilitoa mwaka 2022 matokeo ya utafiti uliofanyika nchi 121 kuhusu ukatili na unyanyasaji kazini, na kati ya waliofanyiwa, waliowahi kumwambia mtu yeyote walizidi nusu kidogo tu. Walipoulizwa kwa nini watu hawasemi, wengi wakasema waliona ni kupoteza muda, wengine wakaogopa kuchafuka jina. Sasa mtu akiambiwa "ndo utani wake", safari nyingine kweli ataona ana kazi gani ya kusema.

Ninavyoisoma barua yako, humu kuna habari mbili zimechanganyika mpaka zinaonekana moja. Kuna yaliyokupata wewe na kuna yanayompata binti hivi sasa. Kiapo umepewa juu ya habari ya binti. Juu ya ile ya kwako hakuna aliyekuapisha, ni mali yako, uiseme au uiache, kwa unayemtaka na siku unayotaka. Sikwambii nenda kaiseme. Naona tu kwamba unajiona umebanwa pande zote kwa sababu unadhani huwezi kufungua mdomo bila kumtaja yeye. Nitalirudia hili.

Tuje kwenye kucheka maana nimeona limekuuma, umeliweka mwishoni kwa sentensi fupi tu. Mtu aliyeshika kalamu ya kukusainia fomu akikutania utacheka, utacheka hata kama tumbo linakukata, kwa sababu kicheko ndo njia ya haraka ya kutoka hapo bila kumkasirisha. Hiyo hoja ya "mbona alikuwa anakubali" ni ya zamani sana na imeshafika mpaka mahakamani. Mwaka 1986 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Mechelle Vinson, dada aliyekuwa anafanya kazi benki na kumlalamikia mkubwa wake, na majaji wakasema cha kuuliza si kama alishiriki kwa hiari, cha kuuliza ni kama mambo yale yalikuwa yanakaribishwa na yeye. Tofauti yake ni kubwa. Mtu anaweza kuitikia "ndiyo bosi" kwa mdomo na kila kitu ndani yake kinasema hapana, na wewe unalijua hilo kuliko rafiki yako aliyeona kwa macho yake. Na kule kuganda, mwanangu, usikubebe kama kosa. Mwili ukishtuka wengine wanapigana, wengine wanakimbia, wengine wanaganda, na mwili hausubiri wewe uchague.

Unasema ushahidi huna. Hapo nakuuliza kidogo. Yule dada wa HR bado yupo? Hata kama hakuandika, ulimwambia na siku hiyo anaikumbuka, na ulivyotoka pale kuna mtu mwingine ulimwambia, dada yako, rafiki wa chuo, mtu wa kusali naye? Kumwambia mtu wakati ule ule jambo lilipotokea ni kitu kinachopewa uzito mahali pengi. Alafu kuna hii "umelala?" ya wanawake wawili ambao hawakujuana, miaka imepita katikati, na meseji zimefanana. Peke yake haimfungi mtu lakini si kitu kidogo. Na kabla ya huyu binti kulikuwa na wengine wa fildi, sivyo? Kiti chake nani alikikalia mwaka jana, na mbona aliondoka? Kuna mama mmoja Marekani, Carmita Wood, aliacha kazi Chuo Kikuu cha Cornell kwa sababu ya mkubwa wake kutotulia mikono, akaomba posho ya wasio na kazi akanyimwa, ikaandikwa ameacha kazi kwa sababu zake binafsi. Mwaka 1975 wanawake wakakutana kwa ajili yake na walipoanza kusimuliana wakakuta karibu kila mmoja ana yake ya aina ileile. Ofisi nyingi zinaishi hivyo, kila mtu ana kipande chake na anadhani ni yeye tu.

Kwa vyovyote utakavyoamua, hata ukiamua kutofanya kitu, kaa chini uandike yaliyokupata. Mwaka, mwezi kama unaukumbuka, chumba gani, alisema nini, nani alikuwa nje, ulimwambia nani. Andika kwa mkono au kwenye simu yako binafsi, usitumie kompyuta ya ofisi wala barua pepe ya ofisi. Binti naye asifute meseji hata moja hata kama zinamchefua, apige skrinshoti ambazo namba na tarehe vinaonekana, na nakala ziwe kwa mtu anayemwamini. Tafadhali msimtegee mtego. Najua mtu anaweza kushauri "mwache aende na simu inarekodi", lakini hapo unampeleka mtoto wa watu mdomoni mwa hatari ili mpate sauti, na sheria za kurekodi mtu zinatofautiana nchi na nchi.

Sasa, hilo la mume wako kwamba si lako. Namwelewa, anaona sahani za watoto, na hajui nusu ya habari. Lakini kuna kitu kimoja ofisi yenyewe imeshakifanya yako, imekukabidhi huyu binti umfundishe. Kuna mkataba wa kimataifa unaitwa Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, ulipitishwa Juni 2019 na ukaanza kutumika Juni 2021, unahusu ukatili na unyanyasaji kazini. Nimeupenda kwa sababu unamtaja mtu kama huyu binti. Haujali kama una ajira au huna, wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo wamo, wanaotafuta kazi wamo. Na haukuishia mlangoni mwa ofisi, safari za kikazi na semina zimo, mawasiliano ya simu yanayohusu kazi yamo, kwa hiyo "umelala?" ya saa tano usiku kutoka kwa msimamizi wa fildi haiwezi kuitwa mambo binafsi. Pia unataka mlalamikaji na shahidi walindwe wasilipiziwe kisasi. Ila unaibana nchi iliyouridhia, na hata huko karatasi ni kitu kimoja na ofisi yenu ni kitu kingine. Hujaniambia uko nchi gani. Kama uko Kenya, Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 inalitaja hili kwenye kifungu cha 23 kwa mtu mwenye mamlaka. Kama uko Tanzania, kudai ngono kwa kutumia madaraka ni rushwa, kifungu cha 25 cha sheria ya rushwa ya 2007, na unaweza kwenda TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, bila kupita kwa HR yeyote. Kwingine tafuta wanasheria wanawake au msaada wa kisheria wa bure, waulize mtu wa fildi analindwaje, kabla hujamtaja mtu yeyote.

Kinachonikosesha raha mimi ni semina. Mambo mengine yote unaweza kuyafikiria pole pole lakini hii ina tarehe. Na nadhani kuna vitu unaweza kufanya hapo ambavyo havimshtaki mtu na havivunji kiapo. Wewe ndo msimamizi wake wa kila siku, unaweza kuandika kwa lugha ya kazi tu, kwenye barua pepe ambayo na wengine wanaiona, kwamba mwanafunzi ana kazi ya kumaliza wiki hiyo, au kwamba kama lazima aende basi uende naye wewe kwa sababu ndo unayemfundisha, au kuuliza nani anaenda na malazi yamepangwaje. Swali la malazi likiulizwa mbele ya watu hubadilisha mambo. Hatari yake ipo, bosi si mjinga, anaweza kuhisi kwamba umeambiwa kitu, akakukalia kooni wewe au akamgeukia binti. Kwa hiyo binti ajue kabla unachotaka kuandika, akubali, na awe na sababu yake mwenyewe ya kutosafiri kama atabanwa.

Njia ya chuo pia sijui kama umeiangalia. Fildi si ya bosi peke yake, chuo kina mtu anayeratibu, vyuo vingine vina dawati la jinsia au mshauri wa wanafunzi, na mwanafunzi anaweza kuhamishwa kituo bila kurudia mwaka, inategemea na utaratibu wao. Fomu nayo iangalieni vizuri, huenda mwenye kumsimamia kila siku anaruhusiwa kusaini, na huyo ni wewe. Ikiwa hivyo, ile kalamu anayotishiwa nayo haina nguvu anayodhani. Ila nakutahadharisha, vyuo vingine vinamwona mwanafunzi anayelalamika ndo tatizo, na mwalimu anayekuja kukagua anaweza kuwa rafiki wa bosi wenu. Ndo maana ningeanza kwa kuuliza bila majina, "mwanafunzi wenu akipata shida ya namna hii kwenye kituo mnamsaidiaje?", na namna watakavyojibu itakuonyesha kama ni mahali pa kumpeleka mtoto.

Kuhusu kusema bila ruhusa yake. Huyu ni mtu mzima, miaka 21. (Wasomaji wangu walimu na wazazi, angekuwa msichana wa shule chini ya miaka 18 nisingeongelea siri hata kidogo, mtoto hapewi mzigo wa kuamua kama mtu mzima anayemsumbua asemwe au la.) Kwa mtu mzima, ukienda bila yeye na akakataa kama alivyosema, utakuwa umebaki peke yako, yeye kapoteza mtu pekee aliyemwamini, na bosi kajua kwamba kuna aliyeongea. Upande wa pili, ukimwahidi siri ya milele alafu jambo likaharibika kwenye hiyo safari sidhani utajisamehe. Watu huwa wanasahau kwamba kuna katikati. Unaweza kumwambia mpaka wako leo, wakati bado kuna utulivu: siri yako nitaitunza, lakini nikiona uko kwenye hatari ya kuumizwa nitatafuta msaada, na nitakwambia wewe kwanza kabla sijamwambia mtu. Anaweza kukasirika. Lakini hajadanganywa.

Alafu kuna njia ya kuipeleka habari yako peke yako, kwa maandishi, kwa mtu aliye juu ya bosi na juu ya yule dada wa HR, bila kumtaja binti hata kwa herufi. Hii inamfanya binti asiwe wa kwanza, na akitaka kuja nyuma yako anakuta mlango ushafunguliwa. Lakini hapa gharama ni yako, sitakudanganya. Watauliza kwa nini sasa. Watasema analipiza. Kuhusu hilo la cheo, jiulize kwa utulivu: cheo alikupa, au ulikifanyia kazi ukakipata na saini ikawa yake? Umesema mwenyewe kazi unaiweza. Na mtu anaweza kukutendea wema wa kweli mchana na bado yale aliyokufanyia ule mwaka yakabaki yalivyo, huhitaji kumfanya shetani ili useme kilichotokea.

Mkataba ndo unaonipa shida zaidi kukushauri. Kuna watakaokwambia subiri usainiwe kwanza ndo useme, na mwenye watoto wawili akisubiri siwezi kumhukumu, ila kusubiri kunaipita semina, na pia kunakupa miezi ya kukaa na hili peke yako, na usingizi umeshakukimbia. Kuna watakaokwambia sema kabla, kwa sababu ukishalalamika kwa maandishi yenye tarehe alafu mkataba ukakatwa, ofisi itakuwa na la kujieleza. Ni kweli kiasi. Lakini bosi mjanja haandiki "nimemkata kwa kulalamika", anaandika bajeti. Kwa hiyo kabla ya lolote kusanya tathmini zako za kila mwaka, barua za pongezi, nakala ya mkataba, viwe nyumbani, na ongea na mwanasheria au chama cha wafanyakazi kama mnacho. Ukienda ukiwa umejipanga au usipokwenda kabisa, hizo karatasi hazitakuharibia kitu. Barua isiyo na jina umeshaijibu mwenyewe na nakubaliana nawe, ofisi ndogo watatumia muda wote kumtafuta aliyeandika badala ya kuuliza kilichoandikwa.

Na mume wako. Huna deni la kumsimulia yale ya zamani, ni yako. Ila ukiamua kupeleka habari yako kwa maandishi, jiulize ungependa aisikie kwako au aisikie kwa watu, na anayekwambia "si lako" leo angesemaje kama angejua.

Limebaki la binti mwenyewe, na nimelisoma mara mbili kuhakikisha: hujaniambia kama anajua kwamba na wewe yalikupata. Ninahisi hajui. Yeye anakuona dada mwenye cheo, bosi anamheshimu, atajuaje kwamba utamwelewa? Aliposema "nitasema umetunga" alikuwa anaongea mtu anayeamini yuko peke yake. Sijui kama uko tayari kumwambia na sikulazimishi, ni kuchungulia kidonda. Ukiona unaweza, chagua mahali nje ya ofisi, usianze na tuseme tusiseme. Mweleze ya kwako kidogo, kiasi unachoweza, alafu muulize taratibu kama kuna zaidi ya meseji. Akikwambia kuna zaidi, amelazimishwa, basi hospitali kwanza na mengine baadae, dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72 na za kuzuia mimba ndani ya siku 5, na mapema ni bora zaidi. Kama hakuna, muulize yeye anataka nini kitokee. Ahamishwe tu kimyakimya amalize chuo? Bosi aonywe? Mashtaka? Au fomu isainiwe tu aondoke? Wewe umekuwa ukiuliza niseme nisiseme, na yeye huenda anachotaka ni kitu kidogo ambacho mnaweza kukipata wote wawili bila vita, au ni kikubwa kuliko unavyofikiri na alikuwa anangoja mtu wa kwenda naye.

Niandikie ukishaongea naye, na kama mtajaribu la semina niandikie kabla ya tarehe yake, kwa namba ileile uliyotumia.

Anti yako